Membe wa Desemba: kaa chini, wao watakuja

Kuanzia Novemba hadi Machi, wakati huko kaskazini baridi imewafukuza, membe wa mabawa meupe, ndege wa majini, huwa wageni wetu hapa Mwanza. Wanazaliana Ulaya Mashariki na Asia, kisha wanakuja kutafuta riziki huku kwetu. Mbayuwayu na vitwitwi, ndege wadogo wa ufukweni, nao wamo katika msafara huo. Nimewapiga picha misimu sita sasa, na miwili ya mwanzo niliipoteza kwa kuwakimbiza.

Asubuhi moja nilikodi mtumbwi, nikaomba tusogee hadi kwenye jiwe walilotua. Waliruka wote kwa mpigo. Nilirudi na picha za mikia, na jiwe lile likabaki tupu hadi jua likawa kali. Iliniuma sana. Ndege hao wanakula na kupumzika hapa ili wapate nguvu za safari ya kurudi, na mimi nilikuwa nimewaharibia asubuhi nzima.

Tangu hapo nina ufukwe mmoja tu, ule wanaoanikia dagaa, na nakushauri nawe uchague wako usiuhame. Ukifika, salimia kwanza. "Mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Kisukuma, na "shikamoo mama" kwa wanaoanika, halafu omba ruhusa, maana umeingia kazini kwa watu. Tazama pia mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi mingi hupumzika. Hakuna dagaa mchangani, na yangeyange nao huwaoni kwa wingi.

Jambo lililobadilisha picha zangu kuliko lenzi yoyote ni upepo. Ndege aliyetua huuelekea upepo ili manyoya yasifumuke na aweze kuruka kwa urahisi. Mji wetu uko mashariki mwa Ghuba ya Mwanza, na alfajiri upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Kwa hiyo ukikaa ufukweni mapema, jua liko mgongoni kwako, upepo uko mgongoni kwako, na membe wote wanakutazama usoni. Mchana upepo hugeuka, wakakupa migongo.

Kaa chini mchangani, usisimame. Baada ya nusu saa hivi wanakusahau, na hapo ndipo tabia zao zinaanza kuonekana. Juzi walijipanga ukingoni mwa mtumbwi uliofungwa, wamebanana. Akaja mmoja aliyechelewa, akatua katikati. Jirani yake akafungua mdomo na kuinua bawa moja, kisha akasogea hatua moja, na wa pili akasogea, wa tatu naye, mpaka wa mwisho kabisa akakosa nafasi akaruka. Akazunguka juu ya maji, akarudi kutua katikati vilevile! Hatua chache kutoka pale, kitwitwi alikuwa peke yake akitikisa mkia, na kila kitwitwi mwingine aliyeingia kipande chake cha ufukwe alifukuzwa.

Matukio ya namna hiyo ni ya sekunde chache. Weka spidi ya shata, yaani muda kamera inaofunguka, iwe 1/2000 ya sekunde, piga mfululizo, na punguza mwanga kidogo, maana weupe wa membe huungua haraka kwenye picha, alama za manyoya zikapotea.

Usiwadharau ndege wenyeji. Mdiria mweusi na mweupe yuko mwaka mzima. Dume ana mikanda miwili kifuani, jike mmoja. Mtafiti Heinz-Ulrich Reyer aliwachunguza upande wa Kenya wa ziwa hili hili, na akaonyesha kwamba madume wasio na jike husaidia kulisha makinda ya wengine. Ukiona zaidi ya wawili wakipeleka samaki kwenye shimo moja la kiota, usiondoke hapo.

Mwezi Machi piga picha mahali pale pale kila wiki. Utaona madoa meusi yakijitokeza vichwani na vifuani mwa membe, wanavaa kwa ajili ya safari. Halafu asubuhi moja unakuta jiwe lina mnandi wawili tu, ndege wavuvi wa ziwani, wanaanika mabawa.