Krismasi Mwaka Huu: Marangu au Muheza?

SWALI: Shikamooni wahariri. Mimi kwetu Marangu, mume wangu kwao Muheza. Tunaishi Tabata, Dar es Salaam, na watoto wawili, wa miaka 7 na miaka 2. Kila ikifika Novemba ni ugomvi uleule. Kwetu Desemba ukoo wote unapanda kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani la ukoo, usipoonekana unaulizwa. Mama mkwe naye ni mjane, anataka wajukuu wale Krismasi kwake. Mwaka jana tuligawa siku nusu kwa nusu, tukarudi watoto wanaumwa na hela ya ada imekwisha. Tufanyeje?
Mama wa Wawili, Tabata

JIBU: Pole dada yetu. Kwanza angalieni barabara. Kutoka Dar hadi Segera njia ni moja. Pale ya Tanga inakata kulia kwenda Muheza, na ya Moshi inaendelea Korogwe, Mombo na Same hadi Himo, mnapopandia Marangu. Kwa hiyo mnaweza kufika kote kwa safari moja. Kinachogombaniwa ni tarehe 25 tu, na tarehe hiyo haigawanyiki. Ipokezaneni: mwaka huu upande mmoja, mwakani upande wa pili, na wazee wote wawili waambiwe miaka yote miwili kwa pamoja.

Mwaka huu tungeanzia Marangu. Ondokeni Dar tarehe 20 au 21 Desemba, kabla vurugu za stendi ya Mbezi hazijapamba moto. Timizeni haki za ukoo kihambani hadi tarehe 28, kisha shukeni Muheza kwa basi la Moshi–Tanga, mkae na bibi mpaka baada ya Mwaka Mpya. Mama mkwe anapata siku nyingi zilizotulia, na nyinyi mnakwepa foleni ya wanaorudi kutoka Moshi Januari mwanzoni, wakati tiketi zinapopanda na kuadimika. Mwakani mkianzia Muheza, piga simu Marangu mapema uulize siku ya kikao cha ukoo. Kama ni baada ya Krismasi mnakiwahi. Ila mwaka huo tiketi za kurudi kutoka Moshi zikatwe siku ileile mnayokata za kwenda. Katia ofisini kwa kampuni au mtandaoni, linganisha na nauli elekezi ya LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, wala usimpe mpiga debe hela mkononi.

Sasa hela, maana hapo ndipo safari za namna hii huharibika. Kabla ya kuhesabu nauli, toeni ya Januari: ada, sare, madaftari, kodi ya nyumba. Iwekeni akaunti ambayo haiguswi kwa simu. Inayobaki ndiyo ya likizo. Ondoeni nauli za vipande vyote vitatu na gari la kutoka Himo kwenda juu, kisha zilizobaki zitieni kwenye bahasha mbili zenye kiasi sawa, moja iandikwe Marangu, nyingine Muheza. Ya Muheza isifunguliwe mpaka mfike Muheza. Familia nyingi humalizia kila kitu nyumba ya kwanza, kwenye michango, nyama na vinywaji, wakaingia ya pili mikono mitupu. Mama mjane akiona hivyo hatasema hela iliisha; atasema amedharauliwa. Sukari, mchele na kitenge chake vinunuliwe Dar na vifungwe mzigo wa peke yake.

Wa kumwambia mama mkwe ni mumeo, kwa mdomo wake, wewe usiwe mjumbe. Apige simu kabla ya katikati ya Novemba, aseme "tumeamua", si "mke wangu anataka". Wewe nawe zungumza na wazazi wako. Tangazo la kwenye kundi la WhatsApp la familia lisubiri mpaka wazee wawe wameshajua.

Kuhusu watoto: Marangu usiku kuna baridi hata Desemba, kwa hiyo sweta na soksi ziwe kwenye begi la mkononi. Muheza ni joto na mbu, na malaria ipo. Bebeni neti yenu yenye dawa, kwa sababu neti ya ugenini mara nyingi ina matundu au haitoshi kitanda. Mtoto akipata homa, hata wiki kadhaa baada ya kurudi Tabata, apimwe haraka, na daktari aambiwe alikuwa Muheza. Asubuhi ya safari msimjaze mtoto maziwa. Mpeni chakula kikavu kidogo, maji kidogo kidogo, na viti vya mbele.

SWALI: Mimi Muislamu, mke wangu Mkristo. Watoto wetu waende kwa bibi yupi sikukuu?
Baba Mzazi, Morogoro

JIBU: Kwenu ni rahisi zaidi, ndugu yetu. Idd el Fitri hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka. 2026 ni Machi, mbali kabisa na Krismasi. Idd nendeni kwenu, Desemba kwa wakwe. Tatizo litakuwa shule, kwa sababu Idd isipoangukia likizo mtapata siku mbili tatu tu. Mwaka wa namna hiyo nendeni Idd kwa muda huo mfupi, kisha watoto wapelekeni kwa bibi wa upande wako likizo ya Juni, wakae naye wiki mbili.