Kodi ya chumba ambacho hatujakiona

SWALI: Assalamu alaykum. Mimi ni mkaazi wa Wete, Pemba. Binti yangu anaanza masomo ya chuo Tunguu, Unguja, mwezi ujao, na mtandaoni nimeona tangazo la chumba chenye choo chake huko Fuoni kwa shilingi 60,000 kwa mwezi. Mwenye tangazo anasema yuko Maskati, funguo anazo ndugu yake, na anataka nimtumie leo kwa simu kodi ya miezi sita kwa sababu wapo wengine wanne wanaokitaka. Picha ninakuleteeni. Je, nitume?
Mama Mwanafunzi, Wete

JIBU: Wa alaykumu salaam, mama yetu. Usitume hata senti moja mpaka mtu unayemwamini awe ameingia ndani ya chumba hicho na kuonana uso kwa uso na msimamizi wake.

Maelezo ya Maskati yanaingia akilini kwa sababu nyumba nyingi za Unguja ndivyo zilivyo: wenyewe wako Oman, na jamaa ndio wanaozisimamia. Tapeli anaijua hali hiyo na hujificha ndani yake. Lakini mwenye nyumba wa kweli, hata awe mbali vipi, ana mtu wa kufungua mlango, ilhali huyu amemtaja ndugu asiye na jina wala namba, na hakusema nyumba iko karibu na msikiti gani wala skuli gani.

Picha nimezitazama kwa makini. Pembeni mwa kitanda pana soketi yenye matundu mawili ya mviringo, wakati za kwetu huwa na matundu matatu, na dirisha kubwa linalofika karibu na sakafu halina nondo hata moja. Soketi peke yake haimtii mtu hatiani, lakini mimi sioni chumba cha Fuoni hapo. Naona picha iliyochukuliwa kwenye tangazo la nchi nyingine.

Mtake akutajie shehia na mtaa, kisha umwombe jamaa yako aliyeko mjini aende kwa sheha, kiongozi wa shehia hiyo, na kwa majirani, kwani hao ndio wanaojua nyumba ni ya nani na nani huipangisha. Akikataa kuutaja mtaa, hapo umeshapata jibu lako. Wala usitulizwe na jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha malipo, kwa kuwa matapeli hutumia laini zilizosajiliwa kwa majina ya watu wengine.

Ikiwa yupo msomaji aliyekwishatuma, apige simu mara moja kwa kampuni ya simu aombe fedha zizuiwe kabla hazijatolewa, aitume namba ya tapeli kwenda 15040, namba ya kuripotia utapeli wa simu, kisha aende polisi na ujumbe wote bila ya kufuta hata mmoja. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inafanya kazi Zanzibar pia.

Kwa upande wako, mama, binti avuke mapema akae kwa jamaa wiki moja, aulize chuoni na kwa wanafunzi waliomtangulia, akione chumba kwa macho yake na kodi ilipwe kwa mkataba wenye shahidi. Nauli ya boti ni ndogo mno mbele ya hizo shilingi 360,000.