Chapa ya Asili Kwenye Kisu cha Kukunja: Isome Kabla ya Kuuliza Bei

Kisu cha kwanza nilichowahi kukiita cha thamani nilikiharibu kwa mikono yangu mwenyewe, tena kwa nia njema. Kilikuwa kisu cha kukunja cha marehemu baba, chenye mpini wa pembe, alichokuwa akikatia kamba za nyavu na kumenyea machungwa ndani ya meli ya kutoka Nansio. Chini ya bapa, pale linapoanza kuingia kwenye mpini, palikuwa na mistari mitatu iliyopigwa chapa: jina la mtengenezaji, ambalo herufi zake mbili zilikuwa zimeliwa na kutu, kisha SOLINGEN, kisha W. GERMANY. Nilipokirithi niliketi kibarazani kwetu Kirumba na karatasi ya msasa, nikakisugua tangu baada ya chai ya asubuhi mpaka adhuhuri, na nilipomaliza kilikuwa kinang'aa kama sufuria mpya. Maandishi yaliyosalia yalikuwa herufi tatu tu: GEN.

Miezi michache baadaye nilimwonyesha mzee mmoja wa Bukoba ambaye amekusanya visu tangu ujana wake. Alikiweka chini ya kioo cha kukuzia, akakigeuza upande wa pili, akakifungua na kukifunga mara mbili, kisha akanirudishia bila kutaja bei. "Mwanangu," aliniambia, "umekiosha mpaka umekifuta jina." Halafu akanieleza kwa upole nilichokuwa nimekifuta. Maneno W. GERMANY hayakuwa pambo, kwa sababu Ujerumani Magharibi ilidumu kuanzia 1949 hadi 1990, kwa hiyo neno hilo peke yake lilikipa kisu umri. Nalo neno SOLINGEN halikuwa jina la kiwanda, bali la mji ambao jina lake linalindwa na sheria ya Ujerumani tangu 1938, kiasi kwamba hakuna anayeruhusiwa kulipiga kwenye kisu ambacho hatua kuu za kukitengeneza hazikufanyika katika eneo la mji huo.

Nimekusanya visu kwa miaka kumi na mitatu tangu siku hiyo, na swali ninaloulizwa zaidi na wanaoanza ni kama kisu cha bei kubwa kinapaswa kuwa na chapa ya nchi fulani. Jibu langu ni kwamba chapa ya asili hujibu swali moja, nalo ni kisu kilitengenezwa wapi, na wakati mwingine humsaidia msomaji makini kukisia kilitengenezwa lini. Haisemi kama kinakata vizuri. Wengi wetu tunapoteza fedha kwa kuiuliza maswali isiyoweza kuyajibu, au kwa kutoiuliza lile moja inaloliweza.

Inafaa kujua kwamba chapa hizi hazikuanzishwa ili kusifia bidhaa. Mafundi wa Sheffield, Uingereza, ambao chama chao kilipata sheria yake ya kwanza mwaka 1624, walilalamika kwa miaka mingi kwamba visu vya Kijerumani vilikuwa vinauzwa vikiwa na maneno yanayomfanya mnunuzi adhani vimetoka Sheffield. Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya alama za bidhaa mwaka 1887, na maneno MADE IN GERMANY yakaenea kama onyo kwa mnunuzi kwamba anachokishika ni kitu cha nje. Haikuchukua muda mrefu onyo hilo likageuka sifa. Sheria yetu wenyewe ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, ambayo Tume ya Ushindani huitumia hadi leo kukamata bidhaa feki, ni ya ukoo uleule. Marekani nayo, kwa sheria ya ushuru ya mwaka 1890, ilitaka bidhaa za kigeni zionyeshe nchi zilikotoka, na ndiyo maana kisu cha zamani kilichouzwa Marekani kikiwa na jina la mji bila jina la nchi huwafanya wakusanyaji wakae sawa kitini, kwani huenda ni cha kabla ya sheria hiyo.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa kampuni ya Case ya Bradford, Pennsylvania. Mwaka 1965 iliongeza herufi U.S.A. chini ya jina lake, na mwaka 1970 ikaweka nukta kumi chini ya herufi hizo na kuanza kuondoa nukta moja kila mwaka. Mtu aliyezoea huhesabu nukta jinsi mvuvi anavyohesabu maboya ya nyavu zake, naye hujua mwaka wa kisu kabla hajakifungua. Sasa fikiria mtu mwenye msasa na nia njema anavyoweza kuzifagia nukta hizo kwa dakika tano.

Mjadala unaotugawa kweli ni wa China. Tuko watano hapa Mwanza tunaokutana Jumapili ya mwisho wa mwezi, kila mmoja na kimfuko chake cha visu, na mmoja wetu, mhasibu mstaafu, ana msimamo usioyumba. Anasema kwamba kulipa laki tano kwa kisu kilichoandikwa CHINA ni sawa na kulipia sangara ukafungiwa furu. Fundi boti wa Igombe humjibu kwamba mkono haujui utaifa, unajua tu kama kitu kimekaa vizuri au hakikukaa. Baada ya kusikia maneno hayo kwa miezi kadhaa nilichoka, nikaleta visu vinne ambavyo chapa zake nilikuwa nimezifunika kwa plasta ya dukani, ile ya vidonda. Vitatu vilikuwa vya kampuni ya Marekani iitwayo Spyderco: kimoja cha Golden, Colorado, kimoja cha Seki nchini Japani, na kimoja cha Taichung, Taiwan. Cha nne kilikuwa cha kampuni ya WE, inayotengeneza visu vyake Yangjiang, mji wa kusini mwa China ambao umeishi kwa visu na mikasi kama sisi tunavyoishi kwa samaki.

Niliwaomba waangalie mambo ambayo hayahitaji kusoma: kama bapa likifungwa linakaa katikati ya mpini bila kuegemea upande, kama likifunguliwa linatikisika, kama makali yana upana mmoja pande zote mbili, na kama kidole kikipitishwa mgongoni mwa mpini kinakwama popote. Kati ya wanne waliopima, watatu waliweka mbele kile cha Taiwan. Mhasibu aliweka mbele cha China, na cha Colorado akakipa nafasi ya tatu. Nilipobandua plasta alinyamaza kidogo, akakunywa chai yake, kisha akasema: "Mimi ninanunua historia, sinunui bawaba." Tulicheka, lakini nilipofika nyumbani niliona kwamba hakuwa amekosea. Visu vinne na watu wanne si utafiti, na mkusanyaji hanunui kisu tu, ananunua pia mahali na watu waliokitengeneza, na hakuna sheria inayomkataza mtu kulipia jambo hilo. Kosa ni kulipia historia huku ukijiambia kwamba unalipia ubora wa kazi. Ikiwa kisu ni cha kufanyia kazi, funika chapa, kipime, halafu ndipo usome. Ikiwa ni cha kuweka na labda kukiuza baadaye, soma kwanza, kwa sababu atakayekinunua kwako ataanza na chapa, apende asipende fundi boti.

Ningewaomba pia wanaodharau visu vya China wawe wasomaji wazuri zaidi. Buck ya Marekani huandika CHINA waziwazi kwenye bapa za visu inavyotengenezesha huko, na binafsi ninaiheshimu kwa hilo. Ninayemwogopa ni yule anayeandika maneno yanayofanana na asili ilhali si asili. GERMAN STEEL inakueleza chuma kimetoka wapi, na pengine hata hilo si kweli, lakini haikuelezi ni nani aliyekichonga. SWISS STYLE haina maana yoyote. Tofauti yake na SWISS MADE ni kubwa, kwa kuwa tangu Januari 2017 sheria ya Uswisi inataka angalau asilimia 60 ya gharama za kutengeneza bidhaa ya kiwandani itumike nchini humo kabla bidhaa hiyo haijajiita ya Uswisi. ROSTFREI, ambayo watu wa Makoroboi huitaja kama jina la kampuni kubwa ya Ulaya, ni neno la Kijerumani la kusema kwamba chuma hakishiki kutu. INOX ni jambo lilelile kwa Kifaransa.

Hapo ndipo nilipoliwa. Mwaka fulani nililipa shilingi 180,000 kwa kisu chembamba chenye nyuki mdogo mgongoni na neno LAGUIOLE lililochongwa vizuri kwenye bapa, nikiamini kwamba nimepata kisu cha Kifaransa. Laguiole ni kijiji halisi cha mkoa wa Aveyron, na mafundi wake, pamoja na wale wa mji wa Thiers, hutengeneza visu vya hali ya juu sana, lakini kwa miaka mingi jina hilo halikuwa na ulinzi kama wa Solingen, na mtu yeyote popote duniani aliweza kulipiga kwenye kisu chake. Changu hakikuwa na neno FRANCE mahali popote, wala jina la fundi, na nilipokitumia kuparua sato wawili na kukiacha usiku mmoja kwenye karai, asubuhi kilikuwa na madoadoa kama mbayuwayu wamekitembelea. Muuzaji hakunidanganya kwa neno hata moja. Mimi ndiye niliyesoma jina la umbo la kisu nikadhani ninasoma asili yake.

Jina zuri haliwezi kuwa anwani. Kisu maarufu kiitwacho Sebenza kina jina la Kizulu lenye maana ya kufanya kazi, nasi wa Kibantu tunalisikia vizuri, lakini hutengenezwa Boise, Idaho, na kampuni ya Chris Reeve, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyehamia Marekani mwaka 1989. Na siku hizi mambo yamechanganyika zaidi: unaweza kushika kisu kilichobuniwa na Mmarekani, chenye chuma cha aina ya M390 cha kampuni ya Böhler ya Austria, kilichochongwa na kuunganishwa Yangjiang. Kwangu mimi hicho ni kisu cha China, na chapa ikisema hivyo sina ugomvi nacho.

Kuhusu mahali pa kuweka chapa, wakusanyaji wengi wa sasa wanapenda bapa safi, na ninawaelewa, kwa sababu kuna visu vya bei mbaya vilivyojazwa maandishi mpaka vinafanana na daladala. Spyderco huandika GOLDEN, COLORADO, U.S.A. na kuongeza EARTH, yaani Dunia, na kila mara nikiisoma hujiuliza ni mteja wa wapi aliyekuwa na mashaka. Hata hivyo ninapinga asili kuandikwa kwenye boksi pekee au kwenye kibandiko kinachotoka kwa maji ya kwanza. Boksi hupotea, na katika nyumba nyingi za huku huishia kuwashia jiko la mkaa. Herufi ndogo upande wa nyuma wa bapa, karibu na mpini, zinatosha, wala hazimuudhi mtu.

Unaponunua kwa mtu wa mbali, omba picha mbili za sehemu ya chini ya bapa, pande zote, zilizopigwa kwenye mwanga wa dirisha na si kwa taa ya simu, maana taa ya simu huzijaza herufi mwanga na kuficha kina chake. Chapa iliyopigwa kwa nguvu kabla chuma hakijakomazwa huwa na kingo zilizotulia na kina kinacholingana. Ya leza huwa juujuu lakini safi. Herufi zinazopanda na kushuka, au zenye nafasi zisizolingana, ni sababu ya kuuliza swali jingine kabla ya kutuma fedha. Muuzaji akikwambia kwamba picha hiyo haiwezekani, mshukuru na uendelee na shughuli zako. Wenye mitumba ya vifaa mjini, kwa upande mwingine, mara nyingi hawajui walichonacho, na mara mbili nimepata kisu chenye chapa ya zamani ndani ya ndoo ya bisibisi kwa bei ya soda mbili.

Ukishakipata, usikisugue. Unyevu wa ziwa huleta kutu hata kabatini, hivyo mimi hufuta kila kisu kwa kitambaa kikavu kila baada ya wiki mbili, kisha hupitisha tone la mafuta ya cherehani kwenye bapa na jingine kwenye bawaba. Kutu ikishaingia kwenye herufi huilowesha kwa mafuta hayo usiku mzima na kuitoa kwa kijiti cha meno cha mianzi, herufi moja baada ya nyingine, na kinachokataa kutoka ninakiacha.

Kisu cha baba bado ninacho, na ndicho ninachomenyea machungwa. Ndani ya ala yake nimeweka kikaratasi chenye mistari yote mitatu kama ninavyoikumbuka, nikaacha nafasi mbili wazi kwenye jina la mtengenezaji mahali palipokuwa na herufi zilizoliwa na kutu, na chini yake nimeandika tarehe ya siku nilipoifuta mistari hiyo, na jina langu.