Re: Bomba za chuma za zamani na hita mpya

Mkuu, umeuliza kama unaweza kubadilisha bomba la kwenda kwenye hita tu, zile za chuma zibaki. Inawezekana, ila kutu itaendelea kushuka na kuziba hita. Kata kipande uchungulie ndani, mara nyingi bomba la nusu inchi limebaki na tundu la penseli. Mimi ningeng'oa zote niweke PPR (bomba za plastiki zinazounganishwa kwa joto), 25mm kutoka tangini, 20mm kwenda kwenye hita na koki. Upande wa maji ya moto dai PN20, yaani daraja la presha linaloandikwa kwenye bomba. PVC ya kawaida inalegea kwa joto, hata fundi akikuapia. Halafu asikuzibie valvu ya usalama ya hita kisa inadondosha maji. Kudondosha kidogo maji yakipata moto ndiyo kazi yake.