Jibu: Je, siku moja inatosha Conques?
Ndugu, umeuliza kama siku moja inatosha Conques, kusini mwa Ufaransa. Kuzunguka kijiji ni saa mbili tu, lakini nakusihi ulale hapo. Jioni watalii wakishapungua, simama mbele ya kanisa la Sainte-Foy. Juu ya mlango imechongwa Hukumu ya Mwisho, ya karne ya 12, yenye sanamu 124. Tazama ukingo wa tao: vijisura vinachungulia kama watoto nyuma ya pazia! Mimi shingo iliniuma kwa kuangalia juu. Ndani, madirisha ya vioo ya mchoraji Mfaransa Pierre Soulages, ya mwaka 1994, hayana picha. Mwanga wenyewe ndio hubadilika. Vaa viatu imara, vichochoro ni vya mawe na vina miteremko mikali.