Je, baridi ya huku inaua? Jibu kwa ndugu wa Dodoma

Shikamooni wazee, na wadogo zangu habari za nyumbani. Mmeuliza mawili kwenye kundi la ukoo: kama ni kweli baridi ya Kanada inaua watu, na kama koti ambalo kijana wetu anavaa Julai hapo Dodoma litamfaa akija Winnipeg mwezi wa kwanza kuanza chuo.

Koti halifai. Usiku wa Julai hapo, hata upepo uvume vipi, ni nyuzi 12 au 13. Huku usiku wa Januari ni nyuzi 20 chini ya sifuri, na hiyo ni siku ya kawaida. Upepo wa kilomita 30 kwa saa ukiongezeka, ngozi inahisi kama nyuzi 33 chini ya sifuri, na pua au sikio lililo wazi linaweza kuganda ndani ya nusu saa.

Kuhusu kuua, ndiyo, inaua, ila si pale mnapodhani. Kiwango cha chini kabisa kilichopimwa Kanada ni nyuzi 63 chini ya sifuri, huko Snag, Yukon, tarehe 3 Februari 1947. Kipimajoto chenyewe kiliishiwa alama. Wapimaji wakachora mstari kwa tupa juu ya kioo pale spiriti ilipoishia, kikapelekwa Toronto kuhakikiwa. Sasa linganisheni na Texas, jimbo la kusini mwa Marekani, Februari 2021. Dallas ilifika nyuzi 19 chini ya sifuri tu, yaani baridi ya kila mwaka hapa Winnipeg, lakini jimbo lilihesabu vifo 246. Mitambo ya umeme na visima vya gesi havikuandaliwa kwa baridi, vikaganda, na nyumba zaidi ya milioni 4 zikakosa umeme. Wengi walikufa kwa mwili kupoa ndani ya nyumba zao. Quebec, jimbo jingine la Kanada, wao wamezoea baridi, lakini Januari 1998 mvua inayoganda ikigusa kitu ilinyesha siku kadhaa, barafu ikalemea minara ya chuma ya umeme hadi ikakunjika, na wapo waliokaa gizani zaidi ya mwezi.

Kwa hiyo cha kuogopa ni umeme kukatika, na hapo ndipo sisi watu wa mkaa tuko hatarini kuliko wenyeji. Huku jiko la mkaa haliingizwi ndani, hata kwa dakika kumi, hata dirisha likiwa wazi. Nyumba zimezibwa kila upenyo ili joto lisitoke, na gesi ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Kichwa kinauma, kichefuchefu, usingizi, basi. Kule Texas wengine walikufa hivyo, kwa mkaa, jenereta au gari lililowashwa kwenye banda lililoungana na nyumba. Na nyie mnaolala na jiko chumbani Julai, naomba mliache.

Gari likikwama kwenye dhoruba, usitoke kutafuta msaada kwa miguu. Mjini Buffalo, Marekani, Desemba 2022, kuna waliokutwa wamekufa ndani ya magari na wengine nje kwenye theluji. Kaa ndani, fukua theluji kwenye ekzosi kwanza, ndipo uwashe injini dakika kumi kila saa, kioo kimoja kikiwa wazi kidogo upande usio na upepo. Ekzosi ikiziba, moshi unarudi ndani. Tangi lisishuke chini ya nusu.

Mavazi: pamba na jinzi viachwe, vinanyonya jasho na kukugandisha. Ndani avae nguo nyepesi ya sufu au ya kukausha jasho, katikati sweta la manyoya, juu koti lisilopitisha upepo. Viatu vizidi namba moja ili soksi nene isibane, kwa sababu vidole vikibanwa damu haifiki na vinaganda upesi. Glavu za kukusanya vidole pamoja ni bora kuliko za vidole vitano. Kidole kikiwa cheupe na ganzi, asikisugue kwa theluji wala kukiota moto. Maji ya vuguvugu, nyuzi 37 hadi 39.

Koti kubwa atanunua huku, msimuongezee mzigo. Ila soksi nene, sweta na viatu vya kufunika awe navyo kwenye begi la mkononi, maana mzigo mkubwa ukichelewa njiani atatoka uwanjani na alichovaa Dodoma.