Kikohozi kimebaki, na kikombe chake kimetengwa

SWALI: Shikamoo, Bibi Muuguzi. Mwanangu Hamisi ana miaka 7. Mwaka jana, likizo, yeye na binamu zake walifagia banda la kuku la babu yao Muheza. Wiki mbili baadaye akashikwa na homa, kifua kikambana, akakonda. Kwanza tuliambiwa TB, kisha vipimo vikaonesha ni fangasi wa mapafu. Alimeza dawa miezi mitatu, akanenepa tena. Sasa mwezi wa pili huu anakohoa, zaidi usiku na akicheza mpira. Mama mkwe amemtengea kikombe na sahani. Fangasi wamerudi? Nimnunulie dawa zilezile?
Mama Hamisi, Makorora, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Naanza na kikombe, maana ndicho kilichoniuma. Mrudishie leo. Fangasi hawa hukaa kwenye udongo wenye kinyesi cha kuku au popo, na mtu huwapata kwa kuvuta vumbi lake. Mgonjwa hamwambukizi mwenzake. Hata TB husafiri kwa hewa, haipiti kwenye kikombe. Mweleze mama mkwe kwa upole. Nimelea watoto wodini miaka mingi, na nimewaona waliotengwa: usiku huuma shuka ili kikohozi kisisikike.

Dawa usinunue. Itrakonazo, dawa ya fangasi hawa, huweza kuumiza ini na hugombana na dawa nyingine. Tena kukohoa peke yake si ushahidi kwamba fangasi wamerudi. Ugonjwa ukiisha, tezi za katikati ya kifua huweza kubaki zimevimba kwa miezi, zikabana njia ya hewa.

Lakini usiku na mpira, hapo mimi nawaza pumu. Akilala, sogeza sikio kifuani kwake. Akitoa pumzi, unasikia kama mluzi mwembamba? Na jiko lako liko wapi? Kama mnawasha vifuu vya nazi au kuni karibu na anapolala, lihamishie nje leo, usingoje daktari akuambie.

Kikohozi cha mtoto kikipita wiki 4 hakingojewi. Mpeleke Hospitali ya Bombo, na ile picha ya eksirei ya mwaka jana uibebe, ilinganishwe na mpya. Omba apimwe TB upya, kwa sababu TB na fangasi hawa hufanana sana kwenye picha. Akishindwa kutoa makohozi, choo chake nacho chaweza kupimwa. Uzito wake uangaliwe pia: kama ameanza kupungua tena, mwambie daktari kabla hajauliza.

Akihema mbiombio, mbavu zikibonyea ndani, midomo ikibadilika rangi au akitema damu, nendeni usiku huohuo.

Na likizo ijayo, banda la babu lisafishwe na mtu mzima aliyefunika pua na mdomo, limwagiwe maji kwanza vumbi lisiruke, Hamisi akiwa mbali. Eksirei ikishasomwa, niandikie.